Anko Wako Alichizi? Si Lazima Na Wewe Uchizi

Karibu kila familia iko na ule anko hatajwi. Ukiuliza mathe, anakuambia "alirogwa" halafu anabadilisha stori. Lakini usiku umelala unajiuliza: hii kitu iko kwa damu? Sasa ni zamu yangu?

Wacha tuongee ukweli. Kwa damu iko, lakini si yote.

Chukua skizofrenia, ule ugonjwa unafanya mtu asikie sauti zenye wengine hawasikii. Huwapata karibu mtu 1 kati ya 100. Kama mzazi wako mmoja anayo, hatari inapanda hadi kama 1 kati ya 10. Inatisha, lakini geuza hiyo hesabu: watoto kama 9 kati ya 10 wa mzazi kama huyo hawaipati.

Ushahidi mkubwa ni mapacha wanaofanana kabisa. Jeni zao ni zile zile. Ingekuwa jeni ndio kila kitu, mmoja akiugua, mwenzake lazima angefuata. Lakini karibu nusu ya hao wenzao, au hata zaidi, hawaugui. Na hakuna jeni moja ya wazimu. Ni nyingi sana, kila moja inasukuma kidogo tu.

Kusukuma kwingine kunatoka kwa maisha: kudhulumiwa ukiwa mtoto, kufiwa, stress ya kukaa bila job na rent inakungoja. Kukosa usingizi siku kadhaa kunaweza kuamsha baipola. Na ile ngwai ya base? Kama ni kali, na ulianza ukiwa tineja, inaongeza hatari ya akili kuruka. Kama kwenu ugonjwa huu uko, hatari yako iko juu zaidi ya mabeshte wako, hata kama mnavuta moja.

Hapo ndio siri ya familia inaumiza watu. Msee mwenye hajui historia ya kwao hawezi kujichunga. Kwa hivyo uliza. Ukijua iko, wachana na bangi, heshimu usingizi, na ukianza kusikia sauti ama kushuku kila mtu anakufuata, ambia mtu mapema. Ukifika hosi, taja anko. Daktari anahitaji hiyo stori kuliko majirani.

Na tuache kusema alirogwa. Aliugua. Na pengine hata leo bado anaweza kutibiwa.