Mshale wa joto ukishuka ghafla, usifurahi

Hapa Takoma Park, ubavuni mwa Washington, Januari baridi hushuka chini ya sifuri. Huko Maskati na Dubai, Julai joto huweza kupita nyuzi 45. Lakini injini ya gari, kokote iliko, inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi.

Anayeipa kompyuta habari hiyo ni sensa ndogo iliyochomekwa kwenye njia ya maji ya rejeta, mara nyingi karibu na thamostati. Joto likipanda, ukinzani wake wa umeme unapungua. Kompyuta inasoma hapo, inapima petroli na kuwasha feni. Sensa mbovu ikisema injini baridi, gari linakula mafuta na kutoa moshi mweusi.

Hatari zaidi ni maji kuvuja. Sensa ikibaki hewani, mshale waweza kushuka na huku injini inaungua. Simama, zima, washushe watoto mbali na barabara.

Matunzo ni haya: tazama maji injini ikiwa imepoa, kifuniko cha moto usikiguse. Tia maji maalumu ya rejeta. Ya bomba huleta kutu na magamba. Na fundi asafishe soketi ya waya. Sensa ni kitu kidogo, injini ni mali.