‘Mwalimu, mwanangu amejiunga na waasi’

UKIPITA jioni katika barabara za Buyenzi, hapa Bujumbura, utasikia ubishi wa kila namna: wa mpira, wa bei ya mchele, wa nani alitangulia kwenye foleni. Siku hizi kuna ubishi mwingine ambao mtu mzima akiusikia kwa mara ya kwanza lazima miguu isite. Vijana wanabishana kuhusu upande wa kujiunga nao vitani. Mmoja yuko na jeshi la Himaya, mwingine yuko na waasi, wa tatu anasema hana upande kwa sababu yeye anatafuta riziki. Wanashauriana silaha. Wanagawana miji.

Ndugu msomaji, usifunge virago. Ni mchezo wa kompyuta.

Unaitwa Skyrim, na ulitolewa Novemba 2011 na kampuni ya Kimarekani ya Bethesda. Kwa umri huo unakubali hata kompyuta kuukuu na mashine za PlayStation 3 zilizokwisha kutumika kwingine, ndiyo maana umefika kwenye vyumba vya michezo vya mitaani ambako kijana hulipa kwa saa. Kwa wasioufahamu, si mchezo wa magari wala wa mpira. Ni hadithi ndefu, yenye mazimwi na wachawi, ambayo mchezaji mwenyewe ndiye mhusika mkuu. Anachagua yeye ni nani, anajifunza ufundi gani, anapokea kazi kutoka kwa nani na anaingia kundi gani. Hakuna refa wa kupuliza kipenga kwamba dakika tisini zimekwisha.

Nisingejua habari hizi kama si mama mmoja, muuza vitenge katika soko la Ruvumera, aliyenifuata shuleni ninakofundisha Kiswahili. Yeye ni mrudi kama mimi, ingawa hatukurudi pamoja. Mimi nilizaliwa Katumba, Mpanda, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma shule za Tanzania, nikarudi mwaka 2008 watu wa makazi yale ya zamani walipoanza kurudishwa. Yeye alikimbia 1993 akiwa mtoto, akarudi mwishoni mwa 2012 kambi ya Mtabila ilipofungwa. Mzigo wake anauchukua Kigoma na kuuvushia Manyovu na Mugina. Si mtu wa kutishwa na kitu kidogo.

“Mwalimu,” aliniambia hata kabla ya kuketi, “mwanangu amejiunga na waasi. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mwenzake.”

“Waasi wa wapi, mama?”

“Sasa mimi ningeuliza wa wapi? Neno lenyewe halitoshi?”

Lilitosha. Waliokuwapo Bujumbura mwaka 1994 na 1995 wanakumbuka mji ulivyokatwa vipande, Kamenge na Kinama huku, Ngagara na Musaga kule, na jinsi vijana wa rika la wanafunzi wangu walivyoingia magenge yenye majina ya kujisifu kama Sans Échec. Siku hizo hukuulizwa unapenda kundi gani. Uliangaliwa uso, ukaulizwa unakaa mtaa gani, kundi ukapewa. Palikuwa na mahali pachache ambapo vijana wa pande zote waliweza bado kukutana na kucheza. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na mapadre Waxaveri, kilikuwa kimojawapo, na mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Mchezo kwetu haujawahi kuwa jambo dogo.

Basi nikaenda kujionea. Nilikaa jioni nne kwenye benchi la mbao, nyuma ya vijana watatu: mtoto wa yule mama, mwenzake ambaye familia yake haikuwahi kukimbia, yaani wale tunaowaita abasangwa, na wa tatu ambaye wazazi wake ni watu wa Uvira. Mchezo unaongea Kifaransa. Wao wanajibizana kwa Kiswahili, na hasira ikipanda wanahamia Kirundi.

Hadithi yenyewe inaanza hivi. Uko juu ya mkokoteni wa farasi, mikono imefungwa. Umekamatwa ukivuka mpaka. Umo pamoja na kiongozi wa waasi na mwizi mmoja wa farasi, na nyote mnapelekwa kukatwa vichwa. Mkifika, askari anasoma majina kwenye orodha. Anapofika kwako anakuuliza wewe ni nani, na hapo ndipo mchezaji anapojichagulia jamii, sura na jina. Jamii ziko kumi. Ukimaliza, askari anaangalia orodha yake, jina lako halimo. Anamuuliza mkuu wake afanyeje. Mkuu anaamuru nawe upelekwe tu kwenye gogo la kunyongea. Kinachokuokoa ni zimwi linalotokea angani.

Hapo nilicheka peke yangu, vijana wakageuka kunitazama. Sijui kama wangeelewa. Nani kati yetu tuliorudi hajasimama mbele ya meza yenye orodha isiyo na jina lake?

Baada ya hapo kuna kujenga mhusika, na hapa ndipo ubishi unapokolea. Upo ufundi wa aina 18, na unakua kwa kuutumia: anayepiga upanga anazidi kuwa hodari wa upanga, anayefua chuma anazidi kuwa mhunzi. Kila unapopanda daraja unaongeza kimoja kati ya vitatu, afya, nguvu za uchawi au pumzi. Kijana wa Uvira daima huongeza pumzi. Nilipomuuliza sababu alisema kila ukiongeza pumzi unaongezewa na uzito unaoweza kubeba. Mhusika anaanza na uwezo wa kubeba 300, akizidisha hapo hawezi tena kukimbia, anajikokota. Wasomaji wanaovuka mipaka na magunia hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Na upo ufundi mmoja unaoitwa ufasaha. Unakua kwa kununua, kuuza, kushawishi, kutisha na kuhonga. Kijana mwenye ufasaha mkubwa anapita mlangoni bila kutoa upanga. Watengenezaji wake hawajafika Kobero, lakini mambo ya huko wanayajua.

Kama mwalimu, jambo moja lilinifurahisha kuliko yote. Ndani ya mchezo huo kuna mamia ya vitabu vya kusoma, vyenye historia na hekaya za nchi hiyo ya kubuni. Kijana ambaye darasani Kifaransa kinamtoa jasho nilimwona akisoma kurasa sita bila kulazimishwa, kwa kuwa alitaka kujua vita vilianzia wapi.

Sasa tuje kwa paka. Mtoto wa muuza vitenge amechagua kuwa Khajiit, jamii ya watu wenye sura ya paka. Katika nchi ya Skyrim hao ni wafanyabiashara wa misafara. Wanatembea mji hadi mji, wanauza kila kitu, lakini hawaruhusiwi kuingia ndani ya kuta. Wanapiga mahema nje ya lango kwa sababu wenyeji wanawaita wezi na wauza magendo. Hawako peke yao. Katika mji wa Windhelm, ngome ya waasi, Dunmer waliokimbia nchi yao baada ya mlima kulipuka wamesongamana katika mtaa mmoja mchafu, nao watu-mijusi wanapakua mizigo bandarini na kulala huko huko, mjini hawaruhusiwi. Nimezaliwa katika makazi ambayo kutoka kwake kulihitaji kibali. Sikutegemea kuyakuta kwenye skrini.

Ajabu ni kwamba paka huyo ndiye aliyejiunga na waasi, ambao wanadai nchi ni ya wenyeji wake. Mchezo unaruhusu jamii yoyote kuingia upande wowote, ingawa kamanda wa waasi anamuuliza kwanza mgeni kwa nini apigane vita visivyo vyake.

“Watakutumia,” kijana wa Uvira alimwambia. “Ukishawashindia vita, paka wenzako wataendelea kulala nje.”

“Ndiyo maana naingia. Nikibaki nje nani atanisikiliza?”

“Jiunge na Himaya basi,” alisema yule wa tatu, ambaye ni mtu wa serikali tangu siku ya kwanza.

“Kwani Himaya inawaingiza mjini?”

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hata nje ya Solitude, makao makuu ya jeshi la Himaya, misafara ya paka inapiga mahema yake ukutani. Nimemuuliza mwenye chumba, ambaye amemaliza vita hivyo kwa pande zote mbili. Anathibitisha kwamba ashinde nani ashinde, mahema hayahami.

Ubishi huo ulichukua karibu saa nzima ya kulipia, mchezo umesimamishwa. Mimi niliusikiliza nikijua kwamba miaka thelathini iliyopita watatu hao pengine wasingeketi benchi moja. Mwasangwa na mrudi mpaka leo wana mashamba wanayogombania huko Rumonge na Nyanza-Lac. Hapa walikuwa wanagombania haki za paka, na hakuna aliyemuuliza mwenzake baba yake ni nani.

Naomba pia nitaje mchezo wa nyumbani, maana si haki kusifu vya Marekani pekee. Kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa mwaka 2016 mchezo uitwao Aurion. Ni hadithi ya mwana wa mfalme, Enzo Kori-Odan, anayepinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa, akaenda uhamishoni na mkewe Erine kutafuta washirika wa kumrudisha nchini. Nguvu anazopigania ni urithi wa mababu zake. Unachezwa kwa Kifaransa pia. Kati ya vijana wangu hakuna aliyewahi kuusikia, na mwenye chumba hana.

Yule mama nilimpelekea ripoti sokoni. Nilimweleza kuhusu orodha, mkokoteni na paka. Alisikiliza huku akikunja vitenge.

“Hao paka wanalipa ushuru?”

Nikamwambia sikuona forodha.

“Basi hao bado hawajafanya biashara.” Kisha akatoa hukumu yake: jioni mbili kwa wiki, baada ya mzigo kushushwa. Lakini neno lile halitatamkwa nyumbani kwake. Mimi ningetetea mchezo kwa hoja nyingine kumi, ila juu ya neno sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo kijana anawaita “wale wa bluu”, kwa rangi ya sare zao, na wenzake wamefuata.

Jioni ya mwisho niliyokaa walikuwa wamefikia kazi moja ngumu. Zimwi haliwezi kukamatwa nchi ikiwa vitani, kwa hiyo watawa wa mlimani wanaita pande zote mbili kwenye meza. Kabla ya lolote wanagombana nani ana haki ya kuketi. Kisha kila upande unadai mji, na ukiupa huu mji, ule unadai fidia. Mchezaji ndiye anayeamua fidia iwe ipi.

Nikawaambia hayo yalifanyika kweli, Arusha. Niliwaeleza kuhusu Mwalimu Nyerere aliyesuluhisha kuanzia 1998 hadi kifo chake Oktoba 1999, na Mandela aliyempokea. Niliwaeleza kuhusu vyama vilivyojigawa G-7 na G-10, kuhusu sahihi za Agosti 28, 2000, kuhusu nusu kwa nusu jeshini na, baadaye, asilimia 60 kwa 40 bungeni. Na kwamba wenye bunduki wenyewe hawakuwamo mezani, FDD ikatia sahihi 2003 na FNL 2006. Jina la Mandela walilijua. Kwamba alitanguliwa na Nyerere, hapana.

Mtoto wa muuza vitenge alifikiri kidogo. Yeye kabla ya kila uamuzi mkubwa huhifadhi mchezo, ili mambo yakiharibika arudi pale pale.

“Mwalimu, Mandela alihifadhi kwanza?”

Nikamwambia Arusha hapakuwa na kitufe hicho. Akatikisa kichwa, akageukia skrini. Wale wa bluu walikuwa wanadai Markarth, mwakilishi wa Himaya amesimama kwa hasira, na wenzake wawili kila mmoja ana ushauri wake. Muda aliolipia uliisha kabla hajachagua.