Makaa yaligunduliwa 1901, mgodi ukatoa mzigo 1917

USIKU wa kuamkia Agosti 2, 1901, uchorongaji uliokuwa ukiongozwa na mtaalamu wa miamba, André Dumont, ulifikia makaa ya mawe katika kijiji cha As, kaskazini mashariki mwa Ubelgiji. Makaa hayo yalikuwa kwenye kina cha mita 541.

Eneo hilo, linaloitwa Kempen, lilijulikana kwa ardhi ya kichanga isiyo na rutuba na wakulima wenye kipato kidogo. Hata hivyo, mgodi wa kwanza, Winterslag, ulianza kutoa makaa mwaka 1917, miaka 16 baada ya ugunduzi.

Vibali, mitaji na Vita Kuu ya Kwanza vilichangia ucheleweshaji huo. Lakini kikwazo ambacho hakuna serikali wala benki ingeweza kukiondoa kwa karatasi kilikuwa ardhi yenyewe.

Juu ya makaa kulikuwa na mamia ya mita za mchanga uliojaa maji, udongo wa mfinyanzi na miamba laini. Mchanga wa aina hiyo ukichimbwa hutiririka kama uji. Pampu ikivuta maji huvuta na mchanga, kuta zinabomoka, na ardhi iliyo juu inatitia.

Kugandisha ardhi

Dawa iliyotumika ilibuniwa na Mjerumani Friedrich Hermann Poetsch mwaka 1883, nayo ni kuigandisha ardhi kwanza, ndipo kuchimba.

Mashimo membamba huchorongwa kuzunguka mahali patakapochimbwa shimo kuu. Ndani ya kila moja huwekwa mabomba mawili, dogo ndani ya kubwa. Maji ya chumvi yaliyopozwa hadi nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri huteremka kwa bomba la ndani na kupanda kwa la nje. Chumvi huyazuia yasigande.

Baada ya miezi kadhaa, barafu ya kila bomba hukutana na ya jirani yake na kufanya ukuta wa duara. Wachimbaji hushuka katikati, huku wakijengea kuta kwa pete za chuma zilizofungwa kwa bolti, na zege nyuma yake.

Shimo moja la bomba likipinda, ukuta hubaki na tundu. Maji yakipata tundu hilo, kazi ya miezi mingi inaweza kuzama kwa muda mfupi. Ndiyo maana unyoofu wa mashimo hupimwa kabla ya kugandisha.

Kuongeza kina

Kufika kwenye makaa si mwisho wa gharama. Makaa ya tabaka za juu yakipungua, shimo hulazimika kuongezwa kina huku lifti ikiendelea kupandisha watu na mzigo. Ili jiwe lisiwaangukie wanaochimba chini, huachwa kizibo cha mwamba katikati, au hujengwa jukwaa imara la chuma.

Kadiri wanavyoshuka, joto na mgandamizo huongezeka. Miamba laini husogea ndani na kubana kuta, na gesi ya methani inayolipuka hudai hewa safi muda wote. Aidha, kamba ya winchi inaporefuka huwa nzito, hivyo mtambo wenye nguvu zaidi huhitajika. Makaa yanayozunguka shimo nayo huachwa bila kuchimbwa, kwani yakitolewa ardhi hutitia na kupasua kuta.

Gharama hizi hazipungui mgodi unapouza kidogo. Kempen ilikuwa na migodi saba, lakini makaa ya bei nafuu kutoka nje na mafuta viliibana. Zwartberg ulifungwa mwaka 1966, na Zolder, wa mwisho, mwaka 1992. Makaa mengine yalibaki chini kwa sababu bei haikuweza kulipia safari ya kuyatoa.

Somo kwa mkulima na mfanyabiashara

Habari ya kugunduliwa madini si habari ya ajira. Anayekopa kujenga nyumba ya wageni au kuongeza mifugo kwa kutegemea soko la mgodi aulize kwanza: madini yako kina gani, juu yake kuna ardhi ya aina gani, na mwekezaji ameanza kuchimba au bado anapima? Riba haisubiri barafu igande.

Kanuni hiyohiyo inamhusu mchimba kisima. Kwenye mchanga wenye maji, fundi huteremsha pete za zege kadiri anavyochimba, kwa sababu ileile iliyowafanya Wabelgiji wafunge pete za chuma. Asiyeweka bajeti ya pete anaweza kupoteza kisima, na pengine maisha ya aliye ndani. Kupima ardhi kabla ya kuchimba ni gharama, lakini ndiyo gharama ndogo kuliko zote zinazofuata.