Redio ya Japani Haisikii Goma

Gari nyingi zinazofika kwenye karakana yangu hapa Kiwanja, ziwe Noah, Probox, Carina au zile HiAce za abiria wa Goma, zimetoka Japani na redio nzima kabisa ambayo haishiki karibu kituo chochote cha kwetu. Mwenye gari huamini imekufa. Haijafa. Wajapani waliipanga FM yao kati ya 76 na 90 MHz, kwa kuwa kuanzia hapo hadi 108 palikuwa mahali pa televisheni. Televisheni hizo za analojia walizizima karibu nchi nzima mwaka 2011, na baadaye FM yao ikapandishwa hadi 95. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, tunatumia 87.5 hadi 108. Kituo cha Radio Okapi cha Goma kiko 105.2, na redio ya gari ya Kijapani haifiki huko hata uizungushe mpaka vidole viume.

Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Hupunguza masafa, mara nyingi kwa 20, hivyo 105.2 unaitafuta kwenye 85.2. Mwenye mfuko mwembamba namfungia hicho. Lakini tupige hesabu: redio inayoanzia 76 itashika kuanzia 96 kwenda juu, basi. Vituo vya chini ya hapo vinapotea, hata vile vya 88 ambavyo redio ingevishika yenyewe bila kusaidiwa. Na mara nyingi mkwaruzo huongezeka.

Katika RN2, barabara yetu ya kwenda Goma, redio si ya muziki peke yake. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava iliikata barabara hii kaskazini mwa Goma. Shofeli anayetaka kupakia abiria hapa Kiwanja lazima ajue mbele kukoje, na ajue kwa lugha anayoielewa vizuri. Ndiyo maana mtu akiniletea gari abadilishiwe redio, swali langu la kwanza ni kama hiyo anayoitaka inashika stesheni vizuri. Wengi wao hutaka kuniambia ukubwa wa kioo.

Vioo vikubwa vinavutia, sikatai. Vina ramani, video, na simu inaungwa kwa bluutuu. Ila mara nyingi katika zile za bei rahisi sehemu ya redio ndiyo dhaifu kuliko zote. Tena kioo hakina kitasa. Gari likiwa linaruka kwenye mashimo, shofeli anayetafuta alama ya sauti kwa kidole analazimika kuondoa macho barabarani. Kitasa cha kuzungusha hukipata bila kutazama. Kwa gari la abiria nachagua redio yenye kitasa kila mara, na siombi radhi kwa hilo.

Boksi la redio huandikwa 50W × 4. Usinunue kwa namba hiyo. Injini ikiwaka, gari lina volti 14 hivi, na spika ya kawaida ya gari ni omu 4. Redio isiyo na amplifaya ya pembeni, kwa umeme huo, haiwezi kutoa zaidi ya wati 25 safi kwa kila spika, na nyingi hazizidi 20. Ukilazimisha zaidi sauti inakwaruza, na twita ndiyo huungua kwanza.

Kufunga kwenyewe si kugumu. Toyota nyingi zina plagi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na adapta zake zinapatikana, kwa hiyo fundi anayekata plagi za kiwandani akafunga nyaya kwa selotepu mkimbie. Tundu la dashibodi ya Toyota lina upana wa milimita 200 na redio nyingi zina 180, ndiyo sababu ya vile vipande vya pembeni. Nyuma ya redio nafunga ukanda wa chuma wa kuishikilia, maana mtikisiko wa barabara yetu huichosha mpaka nyaya zikatike. Waya wa bluu usiachwe ukining'inia: antena nyingi za siku hizi zina kifaa cha kukuza mawimbi, kinapata umeme wake hapo. Bila huo, redio nzuri itashika kituo cha jirani tu, na lawama zote zitaangukia redio. Waya mweusi wa masi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukisikia mlio unaopanda kila unapokanyaga mafuta, anza kukagua hapo.

Sasa milango, na hapa naweza kuzungumza mpaka jioni. Spika ikisukuma hewa mbele, kwa nyuma inaivuta. Hewa ya mbele ikikutana na ya nyuma, besi inakufa. Mlango ndio unaozitenganisha, lakini mlango wa gari lililozeeka una matundu kila mahali, na ile nailoni ya kiwandani imeshachanwa na kila fundi aliyetengeneza kioo au kitasa. Nafungua ubao, nafuta vumbi, naziba matundu kwa karatasi nzito za mpira zenye aluminiamu mgongoni. Vijitundu vya chini kabisa naviacha wazi, maji ya mvua yatoke. Kisha nakaza spika isiguseguse bati. Mteja akisikiliza wimbo uleule, kwa redio ileile na spika zilezile, huniuliza sabufa nimeificha wapi.

Kabla ya kurudisha ubao nachukua betri ndogo ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye nyaya za kila spika. Chanya ikiwa mahali pake, karatasi ya spika inaruka kuja nje. Spika moja ikiwa kinyume na mwenzake wa mlango wa pili, zinavutana, na gari zima linabaki na sauti nyembamba isiyo na kifua. Kuligeuza hilo hakugharimu hata faranga moja.

Kwa hiyo mtu akija na dola 100 akaniambia, "Fundi, nataka sauti," sehemu kubwa naielekeza kwenye spika mbili za mbele na milango yake, inayobaki kwenye redio ya kawaida inayoshika vizuri na kusoma flashi. Amplifaya itafuata akipata tena, na siku hiyo waya wake wa betri utawekwa fyuzi karibu kabisa na betri, kwa sababu waya mnene ukichubuka kwenye bati bila fyuzi unachoma gari. Sabufa kwenye gari la abiria siifungi chini ya kiti cha nyuma. Pale wanakaa akina mama na watoto hadi Goma, na masikio ya mtoto hayana kitasa cha kupunguza.