Tenisi ya wanawake (2): Kwa nini si Morogoro?

Makala iliyopita ilihusu namna gemu na seti zinavyohesabiwa. Leo tunaingia kwenye mashindano yenyewe ya wanawake wa kulipwa, yale ya mchezaji mmoja mmoja.

Tuanze na fainali ya wasichana wawili wawili ya Wimbledon, Julai 2022. Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa 3-6, 6-4 na 11-9 katika seti fupi ya kuamua. Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake aliyekuwa mfanyakazi wa shule ya Loreto Convent Valley Road jijini Nairobi, alikuwa na miaka 18. Mboko, ambaye wazazi wake walihama kutoka Kongo, alikuwa na miaka 15. Pointi mbili tu ndizo zilizowatenganisha siku ile.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, Mboko alimfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 mjini Montreal na kutwaa ubingwa wa Kanada, mashindano ya daraja la 1000 ya Chama cha Tenisi cha Wanawake, WTA. Okutoyi naye hakukaa bure: Machi 2024 alichukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika jijini Accra, na alikwenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Lakini katika orodha ya ubora ya dunia wamepishana mbali sana. Sisemi kwamba jambo moja tu ndilo lililoleta tofauti hiyo. Mboko ana mikono mizito, na Kanada ina fedha. Hata hivyo, ukitazama njia aliyopita utaona kitu ambacho sisi huku hatuna.

Mwanzoni mwa 2025 Mboko alishinda mechi 22 mfululizo, na si katika viwanja vinavyoonyeshwa kwenye televisheni. Alizishinda katika mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, yakiwamo ya Le Lamentin kisiwani Martinique na Petit-Bourg kisiwani Guadeloupe. Visiwa hivyo vyote viwili vikiunganishwa, kwa eneo havifiki hata nusu ya wilaya za Kilosa na Ulanga mkoani Morogoro.

Ngazi imepangwa hivi. Juu kabisa ni mashindano makuu manne, kisha yale ya WTA yenye daraja la 1000, 500, 250 na 125. Chini yake ni ya ITF: W100, W75, W50, W35 na W15. Tarakimu hizo, tangu 2024, ndizo pointi anazopata bingwa. Katika W15 bingwa huvuna pointi 15, mshindi wa pili 10, wa nusu fainali 6, wa robo fainali 3, na aliyeshinda mechi moja tu kisha akatoka hupata 1. Fungu zima la zawadi ni dola 15,000, likigawanywa kwa wote, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Bingwa huondoka na zaidi kidogo ya dola 2,000. Aliyetolewa siku ya kwanza hapati hata 200. Kwa fedha hizo binti wa Bujumbura au Dar es Salaam hawezi kurudisha nauli ya ndege.

Na nauli ya kwenda wapi? Mara nyingi Monastir, Tunisia, mji wa pwani ambako W15 huchezwa karibu kila wiki, wachezaji wakilala kwenye hoteli ya watalii na kucheza papo hapo. Sada Nahimana wa Burundi alinolewa katika kituo cha ITF kule Casablanca, Morocco. Anayetaka kupanda kutoka ukanda wetu huhama kwanza, ndipo acheze.

Hapa pana kanuni ambayo wengi huipita. Ili jina liingie katika orodha ya dunia, mchezaji lazima apate pointi katika mashindano matatu tofauti, au ajumlishe pointi 10. Kwa hiyo nchi ikiandaa shindano moja, ikapiga picha na kukunja wavu, imeandaa sherehe. Binti wa nyumbani aliyeshinda mechi moja atabaki na pointi moja isiyomwingiza popote. Monastir wamelijua hilo zamani: mchezaji hukaa wiki tatu, nne, akidonoa pointi.

Jambo la pili ni kadi za mwaliko. Kati ya wachezaji 32 wa droo kuu, mwenyeji huruhusiwa kuingiza wanne anaowataka, wawe na kiwango au wasiwe nacho. Wiki tatu ni kadi kumi na mbili. Hicho ndicho kitu ambacho fedha za kumpeleka binti mmoja Tunisia haziwezi kununua.

Sasa Morogoro. Treni ya SGR imeanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam tangu Juni 2024, na kuanzia Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Mchezaji akishuka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere asubuhi, mchana anakula wali maharage chini ya Uluguru. Miji mitatu kwenye reli moja, Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, inaweza kuandaa W15 wiki tatu mfululizo.

Kuna pia suala la mpira, ambalo wapangaji wengi hulisahau. Mpira wa kawaida wa tenisi, ukiachiwa kutoka sentimita 254, lazima udunde kati ya 135 na 147. Kwenye miinuko hewa ni nyepesi, mpira hupaa na kutoka nje kirahisi, ndiyo maana kwa sehemu zilizozidi mita 1,219 kutoka usawa wa bahari upo mpira maalumu unaodunda 122 hadi 135 tu. Nairobi, yenye kama mita 1,700, iko huko. Anayekulia huko, akishuka pwani ya Tunisia, hukuta mipira mizito kuliko alivyozoea. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, na hata Dodoma haifiki mpaka ule. Ukitaka kuhitaji mpira wa milimani itabidi upande hadi Morningside, juu ya milima ya Uluguru, na sidhani kama kuna mwenye wazimu wa kusawazisha kiwanja kule.

Viwanja je? Wachezaji 32 ni mechi 31 hadi apatikane bingwa, na jozi 16 ni mechi 15 zaidi, bila kuhesabu za kufuzu. Viwanja vinne vya uso mmoja, kila kimoja kikibeba mechi nne kwa siku, vinamaliza raundi ya kwanza yote kabla jua halijazama. Tunayo klabu ya Gymkhana, ambayo wengi tunaijua kwa gofu, na vipo vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe vyenye ardhi na vijana wa kuokota mipira. Msimu ni Juni na Julai, masika yamekwisha, jua halijawa kali. Kwa Waluguru, ambao ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, habari ya binti kupewa kiwanja si ngeni.

Atakayeona dola 15,000 ni kidogo mno kuitwa tenisi ya kulipwa akumbuke Houston, Septemba 1970. Waandaaji wa mashindano ya Los Angeles walikuwa wamemtengea bingwa wa wanaume dola 12,500 na bingwa wa wanawake 1,500. Wanawake tisa, Billie Jean King akiwamo, wakagoma kwenda, wakasaini mkataba wa dola moja moja na mchapishaji Gladys Heldman, wakacheza yao Houston kwa fungu la dola 7,500. Rosie Casals akawa bingwa. Miaka mitatu baadaye WTA ikaundwa.

Wiki tatu za W15 ni dola 45,000, zaidi ya shilingi milioni 100 kwa zawadi peke yake. Ongeza waamuzi, mipira na msimamizi kutoka ITF. Makala ijayo itahusu nani hulipa gharama hizo kwingineko duniani, na Chama cha Tenisi Tanzania kinaweza kubisha hodi wapi.