Nililifuata jini la kijani, nikakutana na shangazi!

SIKU niliyowaaga washikaji wa kijiweni kwamba nakwenda Uswisi, mmoja wao anayejifanya mjuaji wa kila kitu alinivuta pembeni. "Kule kuna kitu kinaitwa absinthi," akaninong'oneza kama mtu anayeuza magendo. "Pombe ya kijani. Ukishusha glasi mbili unaona majini laivu. Kuna mchoraji mmoja mzungu, Van Gogh, ilimpeleka mpaka akajikata sikio." Nikamwambia poa, nitakwenda kuhakikisha mwenyewe.

Ya nini kukuficha? Nilikuwa na uchu, na papo hapo nilikuwa na woga. Bia naijua. Konyagi tunaheshimiana. Lakini kinywaji ambacho serikali za watu wazima zilikipiga marufuku kwa karibu miaka mia moja, hicho nilikuwa sijawahi kukitia mdomoni.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ameoa huko na anaishi mji wa Neuchâtel. Nilipomweleza nia yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Una bahati, bwana mdogo. Umefika nyumbani kwake."

Kumbe absinthi haikuzaliwa Paris kama wengi tunavyodhani! Ilizaliwa kwenye bonde moja la milimani liitwalo Val-de-Travers, mwendo wa treni usiofika hata saa moja kutoka hapo Neuchâtel. Ilianza kama dawa ya tumbo mwishoni mwa miaka ya 1700. Mwaka 1797 kikafunguliwa kiwanda katika kijiji cha Couvet, na mwaka 1805 bwana mmoja wa biashara hiyo, Henri-Louis Pernod, akavuka mpaka na kufungua kingine Pontarlier, upande wa Ufaransa. Kutoka hapo ikawa moto wa kuotea mbali. Askari wa Kifaransa waliopigana Algeria walipewa iwalinde na homa, wakarudi kwao wameshaizoea. Halafu wadudu wakashambulia mizabibu ya Ufaransa, mvinyo ukapanda bei, na walalahoi wakahamia kwenye glasi ya kijani.

Basi Jumamosi asubuhi tukapanda treni, mimi, kaka na shemeji. Ukungu umeshika milima, baridi inauma masikio. Tuliteremka Môtiers tukaingia Maison de l'Absinthe, makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2014. Jengo lenyewe ni kisa. Zamani ndimo walimokuwa wakihukumiwa watu waliokamatwa wakipika absinthi kwa siri. Leo ukimaliza kuangalia vitu vya ukutani unakwenda baa, mle mle ndani, unamiminiwa. Makubwa!

Hapo ndipo nilipoisoma habari ya marufuku. Agosti 28, 1905, katika kijiji cha Commugny, kibarua mmoja aitwaye Jean Lanfray alimpiga risasi mkewe mjamzito, kisha akawaua na binti zake wawili wadogo. Siku ile alikuwa ameshusha mvinyo chupa kwa chupa, akachanganya na konyaki na vingine. Absinthi? Glasi mbili tu, asubuhi. Lakini mvinyo ulikuwa kinywaji cha waungwana, na wenye mashamba ya zabibu walikuwa na midomo mikubwa. Magazeti yakaikamata absinthi peke yake. (Sisi wa magazetini tunajua kichwa cha habari kinavyouza, tusijifanye watakatifu.) Mwaka 1908 Waswisi wakapiga kura, na Oktoba 1910 marufuku ikaanza. Ufaransa ikafuata mwaka 1915. Hata kwa majirani zetu, Kongo ile ya Mfalme Leopold, ilikuwa imeshapigwa marufuku tangu 1898.

Sasa twende kwenye glasi.

Shemeji alikuwa anamfahamu bibi mmoja wa miaka sabini na ushee, anayepika nyumbani kwake kwa leseni. Leseni ameiweka kwenye fremu na kuitundika ukutani, pale ambapo wengine huweka picha ya harusi. Alitupokea na mabuti ya mpira miguuni. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea. Kaka akamfasiria maana yake, bibi akataka kujua inajibiwaje, akarudia "marahaba" mara tatu huku anacheka.

Tukaketi jikoni. Akaleta chupa isiyo na nembo, akamimina kama kidole kimoja. Nikatazama. Nyeupe! Safi kama maji ya bomba la Masaki.

"Kijani kiko wapi?" nikauliza, moyo umeshanyong'onyea.

Bibi akaeleza, shemeji akafasiri. Ya kijani hupata rangi kwa kulowekwa majani mara ya pili baada ya kupikwa. Ya hapa bondeni huachwa nyeupe, na wenyewe wanaiita "la Bleue", yaani ya buluu. Kupika kwa siri kulikuwa hatari, na kitu kinachofanana na maji kinafichika kirahisi kuliko kitu cha kijani. Jini langu likapotea hivyo, hata kabla sijalinywa.

Kisha akavuta chombo cha kioo chenye bomba ndogo, maji ya barafu yakaanza kudondoka ndani ya glasi tone kwa tone. Umewahi kutia Dettol kwenye beseni la maji ukaona inavyogeuka? Ndivyo ilivyokuwa. Wingu likaanzia chini likapanda mpaka glasi nzima ikawa maziwa. Ni mafuta ya mbegu za anisi hayo, yanayeyuka vizuri kwenye kilevi kikali, lakini maji yakiingia yanashindwa kuendelea kuyeyuka. Maji mara tatu au nne ya pombe. Hakuna haraka.

Nikauliza na suala la moto, maana kwenye sinema nimeona watu wanawasha sukari juu ya kijiko. Bibi akatoa maneno mafupi. Shemeji akafasiri kwa upole kwamba hiyo ni michezo ya baa za Prague ya miaka ya 1990, mpishi hahusiki. Nadhani maneno yenyewe yalikuwa makali zaidi.

Nikafumba macho, nikapiga funda. Kwanza ubaridi. Kisha utamu wa anisi na shamari, kama pipi ya kikohozi. Halafu, nyuma ya ulimi, uchungu ukaja polepole, ukakaa. Huo uchungu ndiyo pakanga, mmea wenyewe ulioipa absinthi jina. Waliosoma Ufunuo wanalijua jina hilo, ile nyota iliyotia maji uchungu. Na ndugu yake mmoja wa Kichina ndiye anayetoa kiini cha dawa mseto ya malaria unayonunua duka la dawa. Ukoo wenye mambo!

Nikasubiri majini. Glasi ya kwanza, kimya. Ya pili, naona kabati, naona paka wa bibi. Ya tatu kichwa kikawa chepesi na miguu ikawa ya mtu mwingine. Ulevi tu, bwana, ule ule wa siku zote, ila huu ulivaa suti. Chupa za bibi zina asilimia 53 ya kilevi, wakati Konyagi ni 35. Sumu iliyosingiziwa mambo yote, thujoni, imo kwenye pakanga ni kweli, lakini wataalamu waliopima chupa 13 za kabla ya marufuku, mwaka 2008, waliikuta kidogo mno kuweza kumwonyesha mtu majini. Waliopagawa enzi zile walipagawa kwa sababu walikuwa wanakunywa kutwa, na baadhi ya wauzaji walikuwa wanachakachua kwa kemikali za rangi. Van Gogh naye alikuwa mgonjwa, absinthi au bila absinthi.

Ningeishia hapo, msomaji, ungekuwa umepata habari ya kijiweni na basi. Tatizo bibi akasema, "Njoni muone mtambo."

Akatupeleka chumba cha nyuma. Siku ile alikuwa anapika. Chungu cha shaba, moto chini yake, mrija unatoka juu unajizungusha ndani ya pipa la maji baridi, unatokea chini. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia.

Mimi nimelelewa na shangazi. Shuleni nilikuwa nawaambia wenzangu anauza vitumbua. Shangazi alikuwa anapika gongo. Debe, mrija wa shaba, pipa la maji, nyuma ya nyumba, usiku. Ada yangu ilitoka mle, daftari zilitoka mle, hata kiatu cha mahafali. Nilipokuwa kidato cha pili difenda ilikuja alfajiri. Walimpandisha akiwa na khanga moja na mtambo wake mapajani, mtaa mzima umesimama unatazama. Alikula miezi sita. Nilimtembelea mara moja tu, na aliporudi hatukulizungumzia tena. Niliona aibu, na aibu hiyo nimekuwa nayo mpaka utu uzima.

Absinthi ikaanza kudondoka. Bibi akakinga kikombe cha kwanza, akakinusa, akaenda kukimwaga nje. Nikamuuliza kaka amuulize kwa nini. "Ile ya mwanzo ni mbaya," akajibu. "Inaumiza kichwa. Anayeiuza hiyo ni mwizi."

Shangazi naye alikuwa anamwaga ya kwanza. Kila mara. Mimi utotoni nilidhani anawapa mizimu.

Usinielewe vibaya. Gongo inaua. Mtaani kwetu fundi baiskeli mmoja alipofuka kwa kinywaji cha mpishi mwingine, mwenye haraka ya hela, na hakuna leseni wala fremu ya ukutani itakayomrudishia macho. Ila miaka yote sikuwahi kujiuliza kwa nini wateja wa shangazi walikuwa wanarudi wakiwa wazima.

Tuliporudi jikoni bibi akanisimulia habari za mwanamke mmoja wa bonde hilo, maarufu kwa jina la la Malotte, aliyefikishwa mahakamani miaka ya 1960. Inasemekana hakimu alipomtoza faini, mama wa watu akamuuliza kwa adabu: nilipe sasa, au utakapokuja kuchukua chupa yako ya wiki? Baadaye akaipaka nyumba yake rangi ya kijani. Na mwaka 1983 Rais Mitterrand wa Ufaransa alipotembelea Neuchâtel, kwenye mlo wa heshima wageni wakaandaliwa kitindamlo cha barafu chenye harufu ya absinthi. Ikawa kasheshe mpaka kwenye vyombo vya sheria! Absinthi ilihalalishwa tena tarehe 1 Machi 2005. Mama yake huyu bibi hakuiona siku hiyo. Alipika maisha yake yote akiwa na pazia limefungwa.

Nilinunua chupa mbili. Moja ya washikaji, ambao waliinywa kwa dakika ishirini, bila maji, na mjuaji wetu akaapa ameona kitu. Sikumbishia.

Ya pili nilimpelekea shangazi. Siku hizi ni mtu wa kanisa, na hata zamani alikuwa hanywi alichopika. Nikamweleza kila kitu, bibi, chungu, kikombe cha kwanza. Alisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua kichwa. Mwisho akafuta mikono kwenye khanga, akafungua chupa, akainusa kwa muda mrefu, akadondoshea tone kwenye kiganja na kulisugua.

"Huyu anajua kazi," akasema.

Kisha akauliza, "Mama yake, alifungwa miezi mingapi?"

Nikamwambia hakufungwa. Huko mara nyingi walikuwa wanatozwa faini.

Shangazi akakaa kimya. Akafunga chupa, akaikaza vizuri kizibo, akanirudishia.

"Weka kabatini," akasema. "Mbele, siyo nyuma ya vyombo."