Mtoto wa jicho hakuingia kutoka nje

Sisi husema mtoto wa jicho. Wafaransa husema cataracte, neno ambalo pia ni maporomoko ya maji, kwa kuwa waganga wa kale walidhani kuna majimaji yanayoshuka kutoka kichwani. Majina yote mawili yanapotosha: yanatuonyesha kitu kigeni kilichoingia jichoni. Nyanya yangu aliamini hivyo, akadondoshea jicho la kulia maji ya majani ili amtoe huyo mtoto. Alichopata ni kidonda. Ukungu haukusogea.

Haungeweza kusogea, maana uko ndani ya lenzi, nyuma ya mboni. Lenzi haina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zake zikikomaa hupoteza viini vyao, na pasipo kiini hakuna protini mpya. Kwa hiyo protini za katikati ya lenzi, ziitwazo kristalini, ni zilezile tulizozaliwa nazo. Zimesongamana kwa mpangilio unaoacha mwanga upite, na mpangilio huo unapaswa kudumu maisha yote.

Walinzi wapo. Alfa-kristalini huzishika protini nyingine zinazoanza kukunjuka, zisigandane. Glutationi nayo huzikinga dhidi ya oksidisho. Lakini umri ukisonga, glutationi hupungua katikati ya lenzi. Protini huharibika, hushikana, na mabonge yake hutawanya mwanga. Fikirini ute wa yai ukiwa kikaangoni: ulikuwa angavu, umekuwa mweupe. Katika jicho kazi hiyo huchukua miongo, bila moto. (Nani aliwahi kuurudisha ute uliokwisha kuiva?)

Kisukari huharakisha mambo: sukari ikizidi, kimeng'enya kimoja cha lenzi huigeuza kuwa sorbitoli, ambayo huvuta maji na kuvimbisha seli. Moshi wa tumbaku na miale ya jua huongeza madhara.

Hakuna dawa ya matone inayoondoa ukungu huo. Lenzi hutolewa, na tangu Harold Ridley alipofanya hivyo kwa mara ya kwanza London mwaka 1949, huwekwa nyingine ya kutengenezwa.

Nilipomweleza nyanya habari ya yai, aliuliza: "Basi mtoto yuko wapi, mjukuu wangu?" Nikamjibu kwamba hayupo, ni jicho lenyewe. Jicho la kulia lina kovu, halitaona vema hata likipasuliwa. La kushoto amekubali lipasuliwe, na majani ameyatupa.